Ndege Wako Nimewapokea

Tanga, 2 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na binti yako Erica mzima, na ng'ombe wote wazima. Mimi huku sijambo, isipokuwa joto, ambalo halisemeki. Juzi nilizungumza na Mama. Yuko salama pale Miyuji, analalamika kwamba maji yanatoka kwa zamu na kwamba kaka yake wa Mkonze amemsusa. Nilimwambia Mkonze si Ulaya, apande gari akuone. Akanikatia simu.

Nimeandika kwa kalamu kama ulivyoagiza, na barua nitampa kondakta wa basi la Dodoma, Erica aipokee stendi. Wenzangu hapa wananicheka. Nimewajibu kwamba mjomba wangu anasema simu inameza nusu ya maneno, na yeye hataki maneno nusu.

Kazi inaendelea. Msimu huu tunanasa sauti za ndege wa pwani kabla hawajaondoka. Hawa hawazalii kwetu. Wanakuja kula kwenye matope yetu, kisha Aprili, kule kaskazini ya dunia baridi inapoisha na miti inapochipua, wanarudi kwao kutaga. Kwa hiyo ninaamka kabla ya jua, ninaketi kwenye tope na maikrofoni yangu, na sipaswi hata kupiga chafya. Wenzangu wanashangaa ninavyoweza kutulia. Hawajui kwamba nimelelewa juu ya dungu lako shambani, nikiamia ndege wasile uwele.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kijana anaitwa Abdulrahim, mtoto wa mzee Yahaya wa Kondoa, yule anayeuza nafaka sokoni. Tunafanya kazi pamoja, yeye anahesabu ndege, mimi ninanasa sauti. Wazee wake wanaomba kuja kwetu kuposa baada ya mavuno. Baba hayupo, na hata angekuwepo, kwetu mjomba asiposimama kuwajibu wageni ni kama neno halijasemwa. Nataka usimame wewe, Mjomba. Sina mwingine ninayemtaka.

Anna wako


Mkonze, 23 Machi 2025

Mpwa wangu Anna,

Marahaba, mama. Sisi huku tunashukuru Mungu, tunakula na tunalala. Mvua imekuja kwa kujivuta. Mahindi ya jirani yamekauka, lakini uwele una moyo, umesimama. Wapima viwanja wamepita tena na mawe yao yamefika mpakani kwa Filipo. Mdogo wangu huyo sasa anatembea kama mwenye mji. Erica anaondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni amechoka, hata kunigombeza hana nguvu.

Nimecheka peke yangu niliposoma habari za kazi yako. Kumbe kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuwafuata ndege. Mimi nimewafukuza tangu utoto na hakuna aliyewahi kunipa hata ahsante, wala ndege wenyewe. Ungekuja huku wakati wa kwelea ungenasa sauti mpaka mashine ikinai.

Kuhusu wageni, nimesoma. Kijana wa Kondoa, sawa. Nimefikiri, nikaona Filipo ndiye afaaye kusimama. Ana ulimi mwepesi na watu humpenda. Mimi goti linanisumbua, na yule ng'ombe dume mkorofi siwezi kumwachia mtu mwingine kutwa nzima. Mjomba ni mjomba, awe mkubwa awe mdogo.

Usile samaki kila siku, damu itakuwa baridi.

Mjomba wako,
Sila Mazengo


Tanga, 13 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika na doa la chai, nadhani kondakta aliisoma kwanza. Sijambo. Mama amepona kikohozi. Joto limepungua kwa sababu ya masika.

Goti? Goti hilo linapanda dungu kila asubuhi, leo linashindwa kuketi kwenye kochi la Mama sebuleni? Mjomba Filipo nampenda, lakini tunamfahamu wote. Alipewa nafasi ya kuaga kwenye msiba wa jirani yenu, akasema mpaka watu wakasahau aliyekufa ni nani. Simtaki asimame kwenye jambo langu.

Kama kuna sababu nyingine, nadhani naijua. Sitaki kuwa wa kwanza kuiandika.

Nimeweka memori kadi ndani ya bahasha, nimeifunga kwa karatasi ya biskuti isipotee. Erica ataichomeka kwenye ile spika yake ndogo nyekundu. Ni asubuhi moja ya huku, ya wiki hii, ndege wakijiandaa kusafiri. Nimewanasia watu wengi sauti nyingi, lakini hii ni yako wewe. Ketini wawili tu, wewe na spika. Usiache njiani kama unavyoacha mahubiri ya redio. Sikiliza mpaka mwisho, Mjomba. Mpaka mwisho kabisa.

Anna


Mkonze, 4 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Ndege wako nimewapokea. Ni wazuri sana, na mashine yako inaonekana ni ya maana. Niliwaweka mezani jioni nikakaa nao mpaka taa ya spika ikazima. Mungu ameumba.

Hapa kwelea wameanza. Kuandika kwingi hakuna, asubuhi hadi jioni niko shambani. Nimekutumia unga wa uwele na mlenda mkavu, wagawie na wenzako kazini.

Filipo yuko tayari. Ameshashonesha koti.

Mjomba wako,
Sila


Tanga, 18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Unga umefika, na mlenda. Ahsante. Habari nyingine leo sina.

Mwisho wa ile memori kadi, baada ya ndege, kuna sauti ya Abdulrahim. Mimi sikumtuma, yeye ndiye aliyeomba. Alifanya mazoezi ya salamu ya Kigogo siku kadhaa, anatembea ufukweni anajisemea mpaka wavuvi wakamwonea huruma. Alikuomba wewe, si mwingine, umjibu. Sauti yake inatetemeka na haogopi vitu vingi.

Nawe ulikaa mpaka taa ikazima, kisha ukaniandikia kuhusu mashine.

Ameniuliza mjomba amesemaje. Nikamwambia mjomba amesema ndege ni wazuri. Akatabasamu, akaenda kuosha buti ambazo zilikuwa safi.

Kama ni dini yake, andika neno dini. Wewe ni mzee wa kanisa, ningeelewa, tungezungumza, ungenikaripia nikalia yakaisha. Kama ni Kondoa, andika Kondoa. Lakini umenifanya nimsubirishe mtu mlangoni huku mwenye nyumba ananiangalia dirishani. Sikutegemea hilo kwako. Limeniuma sana, Mjomba, na nimeona heri nikuambie limeniuma kuliko nijifanye mkubwa.

Anna


Mkonze, 1 Juni 2025

Anna, mama yangu,

Marahaba. Sote wazima, na leo na mimi sitazunguka.

Sikumsikia. Sikumsikia kijana wako, wala ndege wako, wala bahari. Nilikaa mbele ya ile spika nikiangalia taa yake. Niliweka kiganja juu yake nikaona inatetemeka kama kifaranga, nikasema basi, wamo humu ndani. Ndiyo maana niliandika kwamba nimewapokea. Nilijua ukweli wa neno hilo unaishia wapi, nikajificha humo.

Masikio yangu yananiacha. Sauti nyembamba ziliondoka kwanza. Nilidhani chiriku wamehama kwa sababu ya nyumba hizi mpya, kumbe wapo, Erica ananionyesha kwa kidole. Halafu zikaenda sauti za watoto. Mtu wa sauti nene akiketi mbele yangu nampata, nikimwangalia mdomo. Simu sipati kitu. Mama yako anadhani uzee umenifanya mkimya, nami nimemkimbia asije akagundua. Erica anajua, na nilimkataza kwa ukali asikuambie, kwa hiyo usimlaumu. Daktari aliniambia ni mishipa ya ndani. Alinipa kifaa cha kuvaa nijaribu, kikanikuzia kelele zote pamoja, mlango na kuku na mahubiri, nikakivua.

Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa juu ya dungu na teo la kurushia mawe mkononi, natazama magharibi. Kwelea wakashuka mashariki, mgongoni kwangu. Ule mvumo wa mbawa niliokufundisha kuukamata kabla hawajaonekana, haukunifikia. Nilimwona Filipo anakuja mbio, mdomo unafunguka na kufungika. Nilipogeuka, uwele wote ulikuwa umefunikwa na ndege. Mimi, Sila, ambaye watu walikuwa wanakuja kuniazima wakati wa kuamia. Nilishuka nikakaa chini ya dungu, sikutaka mtu aniangalie usoni.

Sasa fikiria siku ya posa. Mshenga atakuja na mafumbo, atasema amepotelewa na mbuzi au ameona ua zuri uani kwetu, na mjomba lazima amjibu palepale, kwa fumbo jingine, watu wacheke. Wazee wanaingiliana maneno, mwingine ananong'ona pembeni. Nikijibu kitu ambacho hakikuulizwa? Wangerudi Kondoa wakisema binti yule mjomba wake ni punguani. Nikaona ni afadhali wewe uniite mkaidi kuliko wao wakucheke wewe.

Dini nayo ilinikaa kooni, sitakuficha. Nimeipeleka kwenye maombi mara nyingi. Nimebaki na neno moja tu: asikulazimishe, na wewe usimlazimishe. Mengine mna akili zenu.

Niandikie alisema nini huyo kijana. Na ndege nao, kama una muda.

Mjomba wako


Tanga, 10 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimelia mpaka Abdulrahim akadhani kuna msiba nyumbani. Nimemweleza. Akasema, "Kumbe hajanikataa." Basi tukacheka na machozi yakiwa bado yananitoka.

Sikukasirikii. Nimekasirika kidogo, ila kwa sababu ulikaa chini ya dungu peke yako na mimi nipo.

Muda ninao. Nimevaa hedifoni na nimewasha ile asubuhi, nitakuandikia kila kinachopita, kwa mpangilio wake. Wewe keti tu.

Mwanzo ni giza na maji yanakupwa. Hayana kishindo. Kinachosikika ni tope lenyewe, mashimo ya kaa yakitoa mapovu, kama uji wa uwele ukianza kuiva. Pembeni kuna kitu kinakwaruza. Huyo ni Abdulrahim anafuta darubini kwa shati, nilimkataza lakini hasikii. Nisamehe, nimeandika hivyo bila kufikiri, na sasa sifuti.

Halafu vitwitwi wanaamka. Hao ni wadogo, wa kukaa kwenye kiganja, wanakimbia ukingoni mwa maji kana kwamba wamechelewa shule. Sauti yao ni nyembamba na fupi, bawaba ya mlango inayotaka mafuta. Wanaanza wawili, halafu tope zima. Wengine vifua vimeshakuwa vyekundu. Wakija Septemba ni wa kijivu hivi, ukiwadharau huna kosa. Inapokaribia safari wanavaa rangi ya kuolewa, ya huko wanakokwenda.

Membe wanafuata, weupe, wanagombania samaki mmoja kwa kelele za foleni ya maji ya Miyuji. Ng'ambo ya mikoko msikiti unaadhini. Hapo kawaida ninazima, watu wa kazi yetu hawapendi sauti ya binadamu ndani ya sauti ya ndege. Siku ile sikuzima, kwa sababu wito huo ni wa Abdulrahim pia.

Baada ya adhana kuna kimya, kisha sululu. Huyu ni mkubwa, mdomo wake mrefu umepinda kwenda chini. Anaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kuuliza jambo na anaona aibu. Anapanda kidogo kidogo, anapanda, kisha sauti inavunjika na kumwagika, tena na tena, mpaka inaishia majini. Mwingine anamjibu kutoka mbali. Nimewanasa mara nyingi, na kila mara nywele za mikono zinanisimama.

Jua linatoka. Kipanga anapita juu na tope zima linanyanyuka kwa mara moja. Mjomba, ni mvumo uleule. Ule wa kwelea. Unaanzia kwenye kifua chako kabla haujafika sikioni. Nilisimama wima nikatupa mkono nyuma kutafuta teo. Teo, katikati ya bahari, na mimi nalipwa ili ndege wasishtuke! Kwenye memori kadi unasikika mguu wangu ukizama topeni na mimi nikicheka. Rekodi iliharibika kwa kazi, lakini nikajua hapohapo ni ya nani.

Kisha sauti inashuka, ndege wametua mbali, na Abdulrahim anasogea kwenye maikrofoni. Haya ndiyo maneno yake, sikupunguza wala kuongeza:

"Mbukwenyi, Mjomba. Mimi ni Abdulrahim wa mzee Yahaya. Kigogo changu kinaishia hapo. Anna anasema kusikiliza alifundishwa na wewe. Mimi kazi yangu ni ya macho, nahesabu. Yeye akiniambia wapo nyuma yako, nageuka, na kweli wapo. Kwa hiyo naomba aliyemfundisha ndiye anijibu. Hata kama ni kunikataa, nikataliwe na wewe."

Baada ya hapo unasikika upepo tu, halafu nilizima.

Mjomba, sikuomba mjomba mwenye masikio. Nilikuomba wewe. Niambie tufanye nini nami nitafanya.

Anna wako


Mkonze, 29 Juni 2025

Anna, mama,

Marahaba. Tumevuna. Si haba, Filipo na watoto wake walisimama nami shambani kila asubuhi, mimi natazama upande mmoja na wao mwingine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili nikitembeza mdomo, kisha nikaenda kumsomea Filipo, ambaye alinyamaza mpaka mwisho, jambo ambalo sijapata kuliona. Nilifika mahali pa teo nikashindwa kuendelea. Nimeishi nikidhani kazi yangu imekufa na mimi nipo hai. Kumbe iko kwako, inatembea kwenye matope ya watu wa Tanga.

Nimemwambia na mama yako. Alikuja Mkonze siku hiyohiyo, akanipiga bega, akalia, akapika. Sasa anasema nami kwa sauti ya kuita ng'ombe, nimemwomba apunguze.

Nitasimama. Tumepanga hivi. Mshenga aketi mbele yangu, uso kwenye mwanga wa mlango, aseme taratibu akinitazama. Filipo atakuwa kulia kwangu na koti lake, ananiandikia yanayonipita. Mafumbo waje nayo, nitayasoma kama barua.

Lakini jibu langu nimelitanguliza hapa chini. Siku hizi sijui nikisema nanong'ona au napiga kelele. Najua kwetu binti hasemi siku ya posa, huitwa tu akaulizwa kama anawajua wageni. Safari hii utatoka mapema. Utasimama kando yangu na kulisoma wewe, kwa sauti. Wazee wakinung'unika, bahati nzuri sitawasikia.

Usome hivi:

"Wageni wetu wa Kondoa, karibuni. Mimi ni Sila Mazengo, mjomba wa Anna. Masikio yangu yamechoka, kwa hiyo leo nimeazima sauti ya mpwa wangu. Mtoto huyu nilimpandisha kwenye dungu kabla miguu yake haijafika ngazi ya pili, na nilikuwa namwambia anyamaze ili asikie. Alijifunza vizuri kuliko nilivyomfundisha.

"Abdulrahim, uliomba nikujibu mimi. Nakujibu. Ibada yake mwachie, naye atakuachia yako. Akikuambia kuna jambo nyuma yako, geuka, usione aibu. Mimi niliona aibu, na shamba likaliwa.

"Sasa mtataka kujua kama nimekubali. Msiniulize mimi. Muulizeni huyu aliyeshika karatasi, awajibu mbele yenu wote, na mimi nitakuwa namtazama usoni. Akisema ndiyo, nimesikia."